Kikwembe Yako ku Gunia ya Kakao

Ndiyo, Yaya Masika, dada yangu, ni kikwembe yako. Ile kitenge ya maua ya manjano, yenye uliacha Mangina siku tulikimbia vita. Niliikata vipande, njo nafungiaka magunia ya kakao, juu batu bajue hii ni ya Kambale. Sikujua itafika mpaka Uganda, mu mikono yako, kule unachunguzaka kakao ya patron, bosi yako.

Mesaji yako niliisikiliza hapa Rughenda, mu Butembo, nikiwa nachekesha bashoferi. Ulisema: "Nilifungua gunia, nikavunja mbegu, ndani violet, zambarau tupu. Patron akaniuliza, 'Hii ni kazi ya bandugu zako?' Kambale, nilirudisha mbegu mu gunia." Nikaacha bashoferi na kicheko yabo. Miye mwenye kuchekeshaka batu hata ku kilio!

Unakumbuka ile kesi, sanduku ya mbao nyuma ya nyumba? Tunamwaga kakao mbichi ndani, weye unaifunika na majani ya ndizi, inapata moto, inanuka sawa pombe. Kila asubui nilitaka kufunua. Unanipiga mukono: "Acha ilale, weye!" Nakuuliza, "Yaya, nayo inaotaka ndoto?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha unavunja mbegu na meno, unanionyesha: ikiwa rangi ya udongo, imelala vizuri. Ikiwa violet, bado.

Sasa nikuambie vile iko, hata kama najitetea kidogo. Mama mukulima anatoka ku shamba na woga, amesikia masasi ya bunduki, anataka kuuzisha leo leo mbele akimbie. Nani atangoja ilale? Bei nayo inatoka ng'ambo, ku telefone: asubui iko juu, muchana imeanguka. Ku njia, kila barrière ya baaskari inataka feza yake, na mafuta ya motokari inapanda. Tena ni bei moja tu, yenye ililala na yenye haikulala. Basi nanunua mbichi, naianika ku bâche, ile turubai, kando ya barabara, nachanganya yote.

Juzi mzee mumoja wa Mangina aliniletea yake, imelala vizuri, inanukia sawa ya kwetu. Nikamulipa sawa bengine. Akaniangalia, akasema: "Basi, miye nayo sitajisumbua tena."

Njo ile inaniuma, Yaya. Bakulima habakusahau kazi. Ni miye nabafundisha kuisahau. Na weye kule, mwenye kuambia batu Congo tunajua kakao, mudogo wako anakutumia aibu, tena imefungwa na kikwembe yako.

Sikia, tufanye hivi. Uliza patron wako aweke bei ya pekee kwa kakao yenye ililala. Hata ikipanda kidogo, hiyo kidogo yote itaenda kwa mukulima. Miye nabaki na faida yangu ya kila siku. Kikwembe ingali na kipande kikubwa. Kuanzia leo itafunga magunia yenye ililala tu. Ingine, nitafunga na kamba. Weye vunja mbegu na meno, sawa zamani. Ukikuta violet mu gunia yenye maua yako, nitakuya kule nikule gunia muzima mbele ya patron, bila maji. Lakini kama yote ni rangi ya udongo, Noël, siku ya Krismasi, unarudia Butembo, unatupikia sombe, na miye nakununulia kikwembe mupya.

Unakubali?

Mudogo wako mwenye kukuharibia jina,
Kambale