Kwa Baba Yetu Shen Baoqing, Mchoraji wa Milima ya Nechells

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Machi 2005, maji ya brashi zako yakiwa bado bakulini.

Ulizaliwa Hangzhou, ukaoa Unguja, ukalea wanao Sparkbrook, huku ughaibuni. Wakwe zako walikuita Yusuf. Kiswahili ulijifunza jikoni kwa Mama, ndiyo maana maneno yako mengi yalihusu chakula.

Kwa wino mweusi na maji ulichora maghala ya Nechells, mtaa usio mbali na kwetu, yakiibuka katika ukungu. Mama alikutania: "Baba Ishaka, milima gani hii yenye madirisha?" Nawe ulimjibu bila kuinua kichwa: "Ndiyo tuliyopewa huku, mke wangu."

Hukuwa mtu wa haraka. Kila picha uliitundika jikoni, ukaishi nayo, na siku uliyoridhika ndipo ulipoigonga muhuri wako mwekundu wa jiwe. Zilizokushinda ulizitandika makabatini chini ya sahani, wala hukuzionea huruma.

Umetuachia picha nyingi zisizo na muhuri. Mwenye ukumbi atakayezionyesha mwaka huu alituomba tuzigonge sisi, kwa kuwa isiyo na muhuri watu huitilia shaka. Kaka Ishaka alikubali. "Mkono wa mwana ni mkono wa baba," alisema. Mimi, Raisa, nilikataa. Kisha nikaitazama ile ya Mama akiwa kwenye cherehani, picha pekee uliyomchora, nayo haina muhuri. Hapo nami nikaanza kusita.

Mama ndiye aliyeamua. "Baba yenu alikuwa bado anaitazama," alisema. "Mimi ni nani nimkatize?" Akachukua msasa, akausugua uso wa muhuri mpaka jina lako likafutika, kama ulivyomsimulia kwamba ninyi wanafunzi mliufanyia muhuri wa mwalimu wako alipofariki, asije mtu akasema kwa kinywa cha marehemu. Ishaka alimshikia jiwe.

Basi ukumbini zitakwenda zile tu ulizoziridhia wewe. Ya Mama ipo jikoni, pale ulipoiacha. Mgeni akiuliza ni kazi ya nani, Mama humjibu huku akikoroga chungu: "Ya mume wangu. Hajasema kama imekwisha."

Unakumbukwa na mkeo Mwanamkasi, wanao Ishaka na Raisa, wakwe zako wa Unguja na ndugu zako wa Hangzhou. Mwenyezi Mungu akurehemu.

Maadamu tu hai, Baba, hutasahauliwa.