Shimo la Udongo Kwenye Gazeti

Shule ya bweni, milimani kwa Wacheroki
4 Oktoba 1937

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limepungua kuuma. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imewahi, na mkate wao wa mahindi unavunjika kama vumbi.

Mwalimu Pruitt ametupa insha, sisi watoto wa makabila yaliyokuwapo kabla ya wazungu: historia ya watu wako. Msichana mmoja wa Kicheroki akaniuliza, "Ninyi Wakatawba si mlikwisha?" Nikamjibu, "Basi anayekula maharage yako ni mzimu." Wakacheka, lakini iliniuma. Nataka kuandika vizuri ili wajue tupo. Nisimulie ya ardhi, Bibi.

Na mawe yako ya kung'arishia vyungu, bado unanitunzia? Uliahidi nikimaliza masomo yatakuwa yangu.

Mjukuu wako,
Verlene


Kando ya Mto Katawba
19 Oktoba

Verlene mjukuu wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, limeamua kuzeeka nami. Shangazi yako Maudie anakusalimu, anasema kula ushibe.

Ya ardhi ni mafupi. Mwaka 1840 wakubwa wetu waliweka alama zao kwenye karatasi ya wazungu. Ardhi ikaenda, tukaahidiwa nyingine hukohuko milimani uliko. Haikuja. Bibi yangu alikwenda huko kwa miguu, msichana kama wewe, akakuta si kwake. Udongo wa huko aliuita uji. Akarudi kwa miguu.

Tulichobaki nacho ni kile ambacho hakikuandikwa popote: shimo la udongo. Liko shambani kwa mzungu. Yeye anajifanya hatuoni, nasi tunajifanya hatujaingia. Tukishachota tunafukia na kutandaza majani. Ndivyo vyungu vyetu vimeishi.

Mawe yamo kwenye soksi ya marehemu babu yako. Mama yangu alinipa siku aliporidhika kwamba najua kunyamaza. Kufinyanga nilikuwa nimejua zamani.

Andika vizuri.

Bibi yako


12 Desemba

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. U mzima? Mimi ni mzima na nina furaha. Insha yangu imekuwa ya kwanza. Mwalimu Pruitt aliipeleka kwenye gazeti la huko kwetu, nalo limeichapa yote, na jina langu chini.

Mwalimu anasema mwandishi mzuri humwonyesha msomaji mahali mpaka aweze kupafikia kwa miguu. Kwa hiyo nilieleza shimo letu: kona ya pili ya mto, mti uliopigwa radi, halafu hatua arobaini. Sasa hakuna atakayesema tulikwisha.

Nakungoja uniambie umelionaje.

Mjukuu wako,
Verlene


2 Februari 1938

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu ile ya insha. Je, unaumwa? Kama mkono unakusumbua, mwambie Shangazi aandike hata mstari mmoja.

Mjukuu wako,
Verlene


20 Februari

Verlene,

Siumwi.

Gazeti lilifika kabla ya barua yako. Mwenye shamba alilileta mwenyewe, akanisomea mlangoni, ingawa najua kusoma. Akasema, "Mama, mimi sikuwa na neno nanyi. Lakini sasa kila mtu anajua kwamba nilikuwa najua." Wiki hiyohiyo akazungusha seng'enge.

Januari wakaja wenye tanuri la matofali. Walikuwa wamesoma pia. Wakaelewana naye, malori yakaingia. Ulieleza vizuri, hawakupotea hata kidogo. Sasa pale ni dimbwi, bata wanaogelea. Maudie anasema angalau mjini watakuwa na kuta zinazojua Kikatawba. Hakuna aliyecheka.

Nina chungu kimoja kibichi. Baada ya hicho sina cha kufinyanga.

Ile karatasi ya 1840 iliandikwa na wageni. Hii ya pili umeiandika wewe, kwa mwandiko mzuri.

Mawe nimempa Nettie wa Maudie. Hajui kuandika hata jina lake.

Bado ni bibi yako.


21 Mei

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Hujajibu barua zangu za Machi, wala sikulaumu. Sitajitetea.

Nimepata udongo huku. Si uji wote. Nimeuchuja kwa gunia kama ulivyonifundisha, nikaviringisha kamba kamba, nikachoma vikombe vitatu nyuma ya chumba cha kufulia. Viwili vilipasuka. Cha tatu kimepona, kikombe kidogo, cheusi upande mmoja. Nimekisugua kwa kokoto ya mtoni kwa siku nne.

Mwalimu Pruitt alikipenda. Akachukua kalamu, akauliza, "Udongo huu umeupata wapi, Verlene?" Sijawahi kumdanganya mwalimu. Nikamwambia sikumbuki.

Nakutumia kikombe hicho ndani ya soksi yangu. Ukikipokea, usiniulize nilikochimba. Hata wewe sitakuambia.

Mjukuu wako,
Verlene