Pete Mbili za Koo la Mbuzi

Jumanne, 9 Septemba 2025

Barwaqo amebanwa tena. Ni binti ya Mama Khadro, mwenye nyumba wangu, na leo ni siku ya kumi na mbili tangu ajifungue. Namsikia kupitia ukuta, kila pumzi anaivuta kwa kazi. Zahanati wamempa pampu ya pumu. Inamfungua saa moja, mbili, kisha anabanwa upya. Kwa nini?

Jumatano, 10 Septemba

Uunsi, ule ubani wa Kisomali, asubuhi na jioni. Mama Khadro anazungusha chetezo chumba kizima, mlango umefungwa. Arubaini ya mzazi ndivyo ilivyo kwao: moshi humlinda mtoto na jicho baya. Leo kanieleza amegundua mbinu. Anampa binti pampu kwanza, halafu chetezo. Kifua kikifunguka, uunsi unaingia "fizuri", kwa lafudhi yake. Nilitaka kusema kitu. Nikanywa chai yangu. Mgeni, tena mpangaji — mwoga tu wewe, Risper!

Alhamisi, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi. Mwalimu Murithi, anayetufundisha fiziolojia chuoni, alileta maabara koo la mbuzi kutoka machinjioni, bado vuguvugu. Tukakata pete mbili za njia ya hewa, tukazitundika kwenye maji ya chumvi yenye joto, kila moja na uzi wa kupima mkazo, kompyuta ikichora mstari. Moja tuliiacha. Ya pili alinipa niisugue ndani kwa pamba, nitoe utando. Mwembamba kuliko ganda la kitunguu! Kisha histamini, kemikali ya mwili inayobana njia ya hewa, kiasi kile kile kwa zote. Pete nzima ikakaza kidogo. Ile niliyoisugua — mstari ukapanda kwenye kioo hadi nikasahau kuandika.

Mbuzi yule yule. Misuli ile ile! Murithi anasema utando si rangi ya ukuta: unazungumza na misuli iliyo chini yake, unaiambia itulie. Ukichubuka, unanyamaza, tena wakati mwingine unaichochea. Nikajikuta nasema Subhanallah, mimi mtu wa Siaya. Miaka yote nimepumua huku kitu kinanibembeleza kifuani, wala sijui. Pampu inalegeza misuli. Moshi unarudi kuuchubua utando. Naona aibu nilivyonyamaza jana.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemwambia Mama Khadro kwamba moshi ndio unaombana binti. "Mimi nimezaa saba ndani ya uunsi," akasema, "na wote wanabumua." Jioni chetezo kama kawaida.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika hapa hapa maabara. Mama Khadro amekaa kando yangu. Nilimwomba aje aone mwenyewe. Ameuza mbuzi miaka thelathini, kwa mbuzi hadanganywi. Pete zimekaza mbele ya macho yake. Ametaka jaribio lirudiwe, mara tatu. Kisha akamuuliza Murithi kama utando uliochubuka huota tena. Wa mbuzi aliyekufa, hapana. Wa mtu aliye hai huota, akamjibu, ukiachwa upumzike.

Amempigia Barwaqo. Kisomali chao nakielewa kiasi. Chetezo kitoke nje, amemwambia. Barwaqo anakataa. Anakohoa, anauliza nani basi atamlinda mtoto.

Mama Khadro anatazama pete.

"Mlangoni nitakaa mimi," amesema, "na msahafu wangu, mpaka arubaini iishe."

Simu iko mezani, sauti imefunguliwa, na sote watatu tunamsikiliza Barwaqo anavyopumua.