Ng'ombe wa Miguu Mitano

Dedza, Juni

Dada yangu mpenzi Tiyamike,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanao, na kwamba baridi ya Blantyre haiwaumi kama hii ya huku milimani. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umegawanyika: nusu asali, nusu moto.

Nianze na asali. Dada, nimeolewa! Tangu wazee wabadilishane kuku wa kufungia ndoa yetu, kila asubuhi namtazama Limbani akipuliza moto, nasahau chumvi ya mboga. Amekuja kukaa kwetu, upande wa mke, kama desturi inavyotaka, amemlimia Mama, amekata nyasi na kuliezeka ghala la Mjomba Chimombo. Kazi ikiisha, watoto wa kijiji humjia barazani. Wadogo wa miaka mitatu, minne, huwapa udongo wa bondeni wafinyange nyoka na ng'ombe. Waliowazidi kidogo huunda mikokoteni ya mabua ya mahindi, miiba ndiyo misumari. Wakubwa hukunja nyaya wakapata magari yenye usukani mrefu, wakayasukuma mpaka kisimani. Tena haangalii umri tu; mtoto akiweza kufunga fundo, amepanda daraja.

Na yeye mwenyewe huketi chini akaikalia mikono yake, kabisa, chini ya mapaja! Nilipomwuliza, alisema mikono ya mtu mzima ina kiherehere, haiwezi kuona pembe imepinda isiinyooshe, na ikishainyoosha, yule si ng'ombe wa mtoto tena. Nani asimpende mtu huyu?

Sasa moto. Jumanne Mjomba alipita akamkuta ameketi vile vile. Akapaza sauti ili hata wanaopeta mahindi wasikie: "Tuliomba jogoo, tumeletewa kifaranga! Mwanamume mzima, mikono kaifanya mkeka!" Limbani akaanza kumweleza kwa adabu. Mjomba akamkatiza, akasema kwamba jogoo haelezi, huwika, na kwamba tangu arusi anacheza na watoto wa wenzake, wa kwake wako wapi? Wanawake wakainamia nyungo zao. Kisha, Dada, akaukanyaga ubao wenye ng'ombe waliokuwa wakikauka, kwa viatu vyake vya kanisani.

Yankho, kitindamimba wa jirani yetu, alikuwa amefinyanga ng'ombe wa miguu mitano. Wa tano ulikuwa wa akiba, mingine ikichoka. Limbani hakuugusa mguu ule. Mtoto aliokota kipande, akamwuliza Mjomba kama huo ndio ule wa akiba. Mjomba akavipangusa viatu vyake. Alisema tu kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi wazee wa pande zote mbili watakaa, na Limbani atarudishwa kwao Ntcheu.

Nina hasira mpaka ufagio unaniogopa! Mvivu? Ghala lake liliezekwa na upepo? Mama ananiambia ninyamaze, mjomba ndiye mwenye ukoo. Sawa. Lakini ukoo ni nini, kama si hawa watoto aliowavunjia ng'ombe wao? Limbani alifunga nguo zake katika mfuko wa safari, akasema hawezi kukaa asipotakiwa.

Basi nikuambie jambo ambalo kwa desturi ungelisikia mwisho, baada ya Mama na Mjomba. Nina mimba. Jana nilimwambia Limbani. Alicheka, akalia, akaufungua ule mfuko.

Siku hiyo ya wazee nitasema mwenyewe. Mtoto hufuata ukoo wa mama, basi huyu ni wa ukoo wa Mjomba. Desturi ndiyo isemayo, si mimi. Basi kabla hajamwita wake, aje aketi barazani kwetu, afinyange upya kila ng'ombe aliyemkanyaga, aanze na yule wa miguu mitano, Yankho akimwelekeza. Asipotaka, nafunga mfuko wangu nami, na mtoto azaliwe Ntcheu. Njoo usimame nami, Dada. Wewe ndiye mkubwa wetu, na peke yangu watasema ni utoto.

Msalimu sana shemeji. Mwanao mdogo mpe udongo, mkubwa mpe nyaya, na wewe uikalie mikono yako. Limbani anakusalimu mno. Anasema Mjomba akikubali, hata pembe zikipinda namna gani, yeye hatazinyoosha.

Mdogo wako akupendaye,
Tadala