Kipande cha Baba

6 Februari

Shikamoo dada,

Habari za siku nyingi? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, isipokuwa vidole. Bado nipo kwenye ghala la vyakula vya kugandisha, chumba namba nne, na ukivua glavu dakika mbili tu unajuta kuzaliwa. Nakuandikia kwa sababu simu zetu huishia kwenye ugomvi. Karatasi angalau haimkatizi mtu maneno.

Baba anaendeleaje? Najua mimi naye hatuzungumzi, miaka sita sasa, lakini kuuliza si dhambi. Ule mkono uliopooza umerudi?

Mimi nimerudi kwenye gitaa. Usicheke. Nimejiunga na kikundi mtandaoni, wapenzi wa bluzi, watu elfu mbili na ushee, na hakuna hata mmoja anayeishi kwa muziki. Mwalimu wetu ni daktari wa meno. Kuna mama mmoja fundi bomba, anavuta uzi wa gitaa mpaka machozi yakutoke. Kila Jumamosi mtu mmoja analeta kipande kifupi, sekunde kumi tu, sisi wengine tunajifunza wiki nzima na kukirudisha kila mtu kwa mkono wake. Sheria ni moja: lazima useme kipande kimetoka kwa nani. Usiposema, wanakuambia umeokota, na hakuna atakayekigusa.

Basi zamu yangu ilipofika, mwishoni mwa mwaka jana, nikapeleka kile cha baba, kile anachosita kwenye sauti ya tatu kama mtu aliyesahau ufunguo mlangoni. Dada, watu walipagawa! Walikirudisha zaidi ya mia. Sasa kila anayejiunga anafundishwa hicho kwanza. Na ndiyo, nilisema kimetoka kwa baba. Mtu mwenyewe aliniambia sina mkono wa gitaa, nikapige debe. Haya, debe limesikika.

Mdogo wako


20 Februari

Marahaba mdogo wangu,

Sisi wazima. Shemeji yako mafua, watoto kelele, cherehani imekatika mkanda katikati ya sare za shule arobaini, yaani maisha ni yaleyale.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti mbele ya baba. Usinune. Baba ni wangu pia.

Nikuambie ukweli kuhusu huo mkono. Tangu kiharusi ni miezi mitano. Mguu umerudi, maneno yamerudi, matusi yamerudi kabla ya yote. Mkono wa kushoto ndio mgomvi. Yule dada wa mazoezi ya viungo anayekuja Jumanne amesema wazi: kama vidole havitafanya kazi miezi hii michache, vitajikunja na kukaa hivyo. Kampa mpira wa kuminya, baba kautupa nyuma ya kabati. Yule dada kamuuliza, mzee, kuna kitu unapenda kukifanya kwa vidole? Baba akatazama gitaa ukutani, akasema, "Hilo ni la mtu mzima, si la nusu mtu." Nilitoka nikaenda kulia jikoni.

Sasa nilipofika pale uliposema umemtaja, akaninyamazisha kwa mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. "Amesema kimetoka kwangu? Mbele ya watu?" Nikasema ndiyo, elfu mbili. Alitabasamu kwa upande ule wa mdomo unaofanya kazi. Jioni ileile akaniambia nimshushie gitaa. Fundi wa redio miaka thelathini na tano, eti hajui kutungua gitaa ukutani mpaka amwite binti yake! Tangu siku hiyo anafanya mazoezi kila asubuhi. Sauti zinatoka kama mlango unaodai mafuta, lakini zinatoka. Dada wa mazoezi amepima vidole, vimefunguka kuliko mwezi uliopita.

Umefanya jambo kubwa, mdogo wangu, na mimi si mtu wa kusifia ovyo. Kuna kitu napika huku, sikwambii. Jumamosi moja utashtuka.

Dada yako


27 Machi

Shikamoo dada,

Natumai mafua ya shemeji yamekwisha na mkanda umepatikana. Nimefurahi kuhusu baba. Sikujua niseme nini, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Huku nimepanda cheo, si kazini, kazini bado mimi ndiye wa kubeba maboksi. Kikundini. Daktari wa meno kaniweka kuwa msimamizi. Ni kazi, usione! Watu wazima wanagombana kuliko watoto wako. Jumamosi iliyopita alijitokeza mtu mpya, kajiita Redio Mbovu, kaonyesha gitaa na mikono tu, kapeleka kipande kile kile cha baba, kibovu kweli kwa walivyosema, na pale pa kuandika kimetoka kwa nani kaandika "kwangu mwenyewe." Ebo! Watu wakamvaa. Mimi nilikuwa zamu ghalani, simu iko mfukoni mwa koti, nikaona malalamiko thelathini yamejaa. Hata sikumsikiliza. Nikavua glavu moja kwa meno, nikamtoa, nikaandika, "Kuna watu hawana haya." Walinishangilia.

Hicho unachopika kitaiva lini? Nasubiri kushtuka.

Mdogo wako


2 Aprili

Wewe,

Salamu sina. Redio Mbovu ni baba yako.

Jina alijipa mwenyewe. Alisema, "Niandike Redio Mbovu, upande mmoja unasema, mwingine unakwaruza," tukacheka mpaka akakohoa. Nilimnunulia simu yenye kioo kikubwa kwa ajili hiyo. Alirekodi kile kipande siku nne. Siku nne! Akikosea sauti ya tatu anaanza upya. Alikataa kuonyesha uso kwa sababu ya mdomo. Akasema, "Kijana atanijua kwa mkono." Mimi nikapeleka, nikaenda kupeleka magauni ya harusi kwa mteja, nikijua nikirudi nitakuta mnazungumza.

Nikamkuta amekaa na simu mapajani. Akaniuliza taratibu, "Hapa wanasema namtukana marehemu. Marehemu nani?"

Nikasema labda wamechanganya. Nikapandisha ujumbe juu, juu, mpaka nikafika kwenye kipande chako cha mwaka jana. Uliandika nini pale? Nakunukuu, labda umesahau: "Kimetoka kwa marehemu baba yangu, aliyenifundisha akiwa kitandani kwa mara ya mwisho." Kitanda gani? Mara ya mwisho ipi? Chini yake pole mia tatu. Na wewe unajibu moja moja, "Asanteni, ameniachia hiki tu."

Mimi sikumsomea. Alininyang'anya simu akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari. Hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Alisema, "Kumbe alinitaja hivi."

Huku barua yako kwangu umeandika, nilisema kimetoka kwa baba! Ukaacha neno moja tu njiani. Na mimi mjinga nikamsomea mzee, hata nikamrudia.

Sikuandikii nikutukane, ingawa natamani. Nataka ufanye kitu kimoja. Nenda pale pale, mbele ya hao hao, useme baba yangu yu hai, kipande ni chake, niliyemfukuza ni yeye. Umrudishe. Hajashika gitaa tangu Jumamosi ile, na mkono wake unahesabiwa kwa wiki.

Dada yako


25 Aprili

Shikamoo dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nimesikiliza ile rekodi. Imebaki kwenye simu ya mama fundi bomba, nikamwomba. Ningemsikiliza sekunde tatu tu siku ile ningemjua. Ile kusita. Nilikaa kwenye ngazi za ghala nikalia, na msimamizi wa kazi akapita akaniuliza kama nimeumia.

Lakini nisikilize na mimi. Pale kila mtu ana huzuni yake. Mmoja kaachwa, mwingine kazika, ndivyo bluzi ilivyo, watu wanasikiliza kidonda kwanza kisha mkono. Mimi nilikuwa sina kitu. Nina baba aliyeniambia sina mkono, akafunga mlango, miaka sita hakuuliza kama nakula. Nilipoandika marehemu sikuona kama uongo mkubwa. Kwangu alikuwa amekwisha kunizika mimi kwanza. Halafu pole zikaja, dada, pole za kweli, kutoka kwa watu wasionijua. Daktari wa meno alinipigia simu siku aliyofiwa na baba yake, tukalia wote wawili. Sasa nimwambie nini? Kwamba nililia kwa nini?

Hao ndio marafiki nilio nao. Hapa ninapoishi jirani hajui jina langu. Nipe muda, nitafute namna ya kulisema. Mwambie baba naomba radhi.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Radhi zako sijazifikisha. Radhi haitumwi kama kifurushi. Namba yake unayo.

Najua baba alikosea. Nilikuwepo siku ile anakwambia la debe, na nilimwambia usiku ule ule kuwa hajafanya vizuri. Ni mtu mgumu. Lakini mtu mgumu huyo alishusha gitaa ukutani kwa sababu alidhani umemtaja.

Unasema nipe muda. Muda si wangu. Dada wa mazoezi alikuja juzi, akajaribu kufungua kidole cha pete na cha mwisho, havifunguki bila kuvishika. Akauliza, mzee, gitaa vipi? Baba akasema, "Gitaa lilikuwa la marehemu." Yule dada akadhani ni mzaha, akacheka. Akaniambia pembeni, mwezi huu ukiisha hivi, basi.

Ni sentensi moja tu. Iandike.

Dada yako


1 Juni

Shikamoo dada,

Nimefanya! Nimeandika Jumamosi asubuhi, wote wapo, hata daktari wa meno. Nimemrudisha Redio Mbovu kikundini na nimewaomba wote wampokee. Wamempokea kwa mikono miwili, mama fundi bomba ameandika, "Karibu mzee, tusamehe." Mwambie afungue simu asome mwenyewe. Sikutaka kukueleza kwa barua, nataka aone.

Nimejisikia mwepesi, dada. Nilidhani nitafukuzwa. Hakuna aliyenikasirikia. Muulize kama naweza kumpigia Jumapili.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Salamu yako nimeipokea. Sisi wazima kiasi.

Nilifurahi nilipopata barua yako, mpaka nikaacha sindano kwenye kitambaa nikakimbia chumbani kwake bila viatu. Nikamwambia, baba, amesema! Alikuwa amelala, akataka aketishwe. Akaomba miwani. Akaniomba nimchane nywele, sijui kwa nini, ilhali alikuwa anakwenda kusoma simu tu. Nikamshikia, akasoma. Nami nikasoma begani kwake.

Umeandika hivi: "Ndugu zangu, kulikuwa na kutoelewana. Baba yangu mzazi yu hai, namshukuru Mungu. Marehemu niliyemtaja ni baba mkubwa, kaka yake, aliyenilea na aliyetunga kipande hiki. Baba yangu alijifunza kwake kama mimi, ndiyo maana alikosea akasema ni chake. Ni mgonjwa, mpokeeni."

Baba mkubwa! Baba mkubwa muuza matairi, ambaye hajawahi kushika gitaa hata kulifuta vumbi! Ulimfufua mmoja ukazika mwingine, na katikati ukapata nafasi ya kubaki yatima kidogo. Na chini yake pole zimeanza upya. Umejibu, "Asanteni." Nimeziona.

Baba alisoma hadi mwisho. Akarudi juu akasoma tena. Kisha akavua miwani, akaniambia, "Bora nilipokuwa marehemu. Kipande kilikuwa changu."

Nilimwambia nitaingia niseme ukweli mimi mwenyewe, nina simu, nina mdomo. Akakataa. Alisema, "Mwache. Ana watu kule. Ukiwaambia atabaki na nani?" Hivyo ndivyo alivyosema, na nimekuandikia neno kwa neno ili usije ukasema nimeongeza chumvi. Nimemtii, lakini si kwa ajili yako.

Jumanne dada wa mazoezi alikuja kwa mara ya mwisho. Vidole vitatu vimekaa vilivyokaa. Amemfundisha kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, na anajifunza haraka.

Umeuliza kama unaweza kumpigia Jumapili. Nimemuuliza. Amesema anakusalimia, na kwamba kile kipande unakipiga vizuri sana.

Dada yako