Kelele ya Jenereta Siku ya Harusi Yangu

Mama,

Kaka anasema kaburi lako limeota nyasi vizuri. Mimi bado niko hapa Kibomet, Kitale, na ile kazi yangu uliyoiita "kukaa mbele ya TV ukilipwa". Nahariri video za harusi na matanga, za watu wa Endebess mpaka Bungoma.

Leo nakuandikia juu ya harusi yangu mwenyewe. Pale nyumbani Bungoma, maiki ilikufa ulipopewa tu. Ukasimama mbele ya kamera umekunja mikono, kimya, jenereta ikinguruma nyuma ya hema. Emsii akasema, "Si uongee, Mama, watu wana njaa!" Ukamwangalia tu. Halafu ukamnyooshea kidole Kamau, bwana harusi, upande ule mwingine wa hema, ukasema maneno machache, ukaketi. Hakuna aliyesikia.

Nilipokuuliza baadaye, ukanijibu, "Nilishasema mbele ya watu. Sirudii." Wewe na kichwa chako kigumu!

Ulikuwa hutaki niolewe na mtoto wa watu waliokuja kununua shamba Saboti. Kwa hivyo nilijua umemkataa mbele ya hema zima. Ulipofariki, nilikukasirikia kabla sijakulilia.

Kwenye kanda tuliyopewa, mpiga picha alifunika pale na wimbo wa kanisa. Sisi wote wa kazi hii hufanya hivyo: kelele ikizidi, bandika wimbo. Hata programu yetu ya sauti ilipoletewa toleo jipya, tulisifu rangi zake, tukaendelea kukata na kubandika. Kumbe humo ndani kulikuwa na kifaa cha kuondoa kelele. Kimekaa karibu mwaka mzima bila mtu kukigusa.

Juzi nikamwomba yule mpiga picha kanda ya awali, isiyobandikwa wimbo, nikakijaribu. Kifaa hicho kinataka kwanza ukionyeshe mahali penye kelele tupu, bila mtu kuongea, ndipo kiijue na kuifuta. Harusi yetu ilikuwa vigelegele mwanzo hadi mwisho. Jenereta peke yake ilisikika mahali pamoja tu, pale ulipokataa kuongea. Nikaipa kompyuta kimya chako.

Sauti yako ikatoka nyembamba, kama ya mtu anayepiga simu ya kibanda.

"Wewe Kamau. Huyu haogopi kazi, anaogopa radi. Mvua ikipiga, usimwache peke yake."

Ati radi! Miaka yote hiyo, Mama! Nililia mpaka mteja akaniuliza kama kuna msiba.

Kamau naye alivaa hedifoni, akasikiliza, akarudia, akazivua, akaenda dukani kwake. Nikarudi kwa kazi.

Jana mchana mawingu yakajikusanya Mlima Elgon. Kabla tone la kwanza halijaanguka, Kamau alikuwa amefunga duka lake, akaingia, akavuta kiti kando yangu. Nikamuuliza kuna nini.

"Nimetumwa na mama yako," akasema.

Pumzika, Mama. Umesikika.

Binti yako mwoga