Nilisema Nilimwona Jumamosi

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, mshirika wa kanisa la Kibaptisti tangu nibatizwe nikiwa msichana, na kanisani kwetu tuna kikundi cha huduma, kila Jumamosi tunagawana nyumba za wagonjwa na wazee, tunafua, tunapiga deki, tunaogesha, tunasoma neno kidogo na kuimba, halafu Jumapili baada ya ibada tunakaa kwenye ushirika, chai mkononi, kila mmoja anaeleza mtu wake anaendeleaje.

Mimi nilipewa mkunga mstaafu, mama aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, kiharusi kikampoozesha upande mmoja akabaki peke yake chumbani, na kwa miaka miwili nimemgeuza, nimemkata kucha, nimemsuka zile nywele chache zilizobaki, naye ananitania, "We fundi, punguza kuvuta, hicho ni kichwa cha mtu, si kitambaa!" tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Huyo jirani ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula kila siku, na wiki ile alikuwa anasafiri msibani, akaja kibandani kwangu akaniambia kabisa, "Mama, Jumamosi usikose, mimi naondoka alfajiri hiyo, narudi Jumapili jioni, hatakuwa na mtu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Jumamosi ikafika nina magauni sita ya wasimamizi wa harusi hayajatiwa zipu, bibi harusi mwenyewe amekaa kwenye benchi langu analia, nikasema nimalize moja nitoke, nimalize la pili nitoke, mpaka mgongo ukakataa, nikaenda nyumbani nikalala. Jumapili kwenye ushirika katibu akauliza, "Mkunga wetu hajambo?" na mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Hajambo, anawasalimu wote." Nilijiambia nikitoka pale nitapitia. Sikupitia.

Jioni jirani alirudi akamkuta sakafuni kati ya kitanda na ndoo ya maji, kikombe mkononi. Muuguzi aliyeitwa alisema amefariki tangu jana yake. Jirani akaniuliza, nikamwambia nilimwacha salama.

Mshauri, hapo ningenyamaza labda ningebaki na dhambi moja. Siku ya mazishi alikuja binti yake, ambaye mimi hata sikujua yupo, walikosana akiwa anaolewa na hawakusemezana miaka tisa. Akanishika mikono yote miwili, "Dada, wanasema wewe ndiye uliyemwona mwisho. Alinitaja?" Ungemwona uso wake nawe usingejua la kusema. Nikasema, "Alikutaja. Alisema hana kinyongo na wewe." Akaniangukia shingoni akalia mpaka blauzi yangu ikalowa. Ukweli ni kwamba mama yule hakuwahi kumtaja hata siku moja, na nilipomuuliza wakati fulani kama ana watoto aligeukia ukutani.

Sasa binti ananipigia simu kila asubuhi, "Dada, hebu niambie tena alivyosema." Jumapili ijayo kuna ibada ya kumbukumbu, mchungaji anataka nisimame nieleze siku ya mwisho ya marehemu, kisha niwekwe kuwa shemasi wa huduma. Mume wangu, ambaye ndiye pekee anayejua, anasema, "Uongo huo umemponya mtu, uache ulivyo." Mimi silali, nasikia kikombe kinagonga sakafu. Nifanye nini?

Fundi

JIBU

Mdogo wangu, pole. Nimelia juu ya barua yako, na sasa nimefuta macho, tuongee.

Kuchoka si dhambi. Miaka miwili ya kumwogesha mama wa watu ni kazi nzito, na kikundi chenu kilikosea kukuachia peke yako mgonjwa wa namna ile. Hilo mwambie mchungaji bila aibu. Lakini usijifiche nyuma ya magauni. Jumamosi ulizidiwa. Jumapili mchana ulikuwa umepumzika, umevaa vizuri, kikombe cha chai mkononi, ukaulizwa swali rahisi. Hapo ulichagua. Wakati huo alikuwa ameshafariki, na hakuna atakayejua kama ungemkuta hai Jumamosi. Hilo utaishi nalo, sina dawa yake.

Mumeo anakupenda, ila amekosea. Mtu aliyepona hapigi simu kila asubuhi kuuliza jambo lile lile. Yule binti anahisi kuna kitu.

Nenda kwake kabla ya Jumapili. Si kwa simu. Usitangulize machozi, maana atalazimika kukubembeleza wewe. Mwambie: "Sikwenda siku ile. Maneno niliyokupa niliyatunga." Akiuliza mama yake alisema nini miaka yote hiyo, mwambie alivyogeukia ukutani, na uishie hapo. Usimfasirie. Huenda ilikuwa hasira, huenda ilikuwa uchungu. Huyo ni mama yake, si wako, mwache amsome mwenyewe. Akikufukuza, ondoka kimya. Akitaka kujua mama yake alikuwa akicheka vipi, kaa umweleze hata kutwa nzima, kwa kuwa hayo uliyaona kweli na hakuna mwingine wa kumpa.

Kisha jirani, mchungaji na kikundi, kwa utaratibu huo. Ushemasi ukatae kwa sasa. Watakaokunyooshea vidole watakuwepo, tena wengine ni wale ambao hawajawahi kushika beseni la mgonjwa. Vumilia.

Ila usiache huduma. Najua unataka kuiacha, barua yako inanuka hivyo. Jumamosi hii kuna mzee mwingine mtaani kwenu amelalia shuka chafu. Chukua mwenzako mmoja, mwende wawili, na mfike mapema.